Sherehe ya waliojiajiri iliyotaka kufanywa bure na waliojiajiri: uchambuzi wa kisa kimoja, Mbeya

Kwanza mjue nani anaongea

Majina yote nimetoa, mtaa sitaji, na kiasi cha hela sehemu nyingine nimekisogeza kidogo ili mtu asitambulike kirahisi. Mimi kwenye hii sherehe ya grupu letu la waliojiajiri nilikuwa mweka hazina. Kazi yangu ni kupiga mahesabu ya watu, wenye saluni, gereji, maduka madogo, nawafungia vitabu mwisho wa mwezi wananilipa kwa kazi, sina bosi, sina likizo, nikiumwa hela haiingii. Kwahiyo msitegemee niwe refa hapa. Makosa mengine ni yangu, tena lile kubwa kuliko yote nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe kwenye Excel.

Tulikotoka

Tuko pande za Mwanjelwa, zaidi ya hapo sisemi. Tuna grupu la WhatsApp la watu sitini na kitu, lilianza kama grupu la kupeana kazi tu, yaani mtu akiulizwa "hujui fundi aluminiamu?" anatupia namba humo. Kuna fundi cherehani, mpiga picha, MC, jamaa wa muziki mwenye spika zake, vinyozi, dada wa kusuka, seremala, fundi simu, mama lishe, bodaboda kama kumi na tano, na kijana mmoja wa grafiki ambaye wateja wake wengine wako nje huko anawapata kwa mtandao. Huyu ndo tunamwita frilansa, na yeye anapenda hilo jina, wengine wote wanasema tu "najitafutia".

Sasa Mei Mosi. Huku kwetu tunaijua vizuri maana hata ile ya kitaifa ilishakuja, 2018 ilikuwa Iringa uwanja wa Samora, 2019 ikawa hapa hapa Mbeya Sokoine. Chimbuko lake ni Chicago 1886, wafanyakazi walikuwa wanadai masaa nane ya kazi kwa siku. Masaa nane! Mama lishe wetu anawasha moto saa kumi usiku na sufuria la mwisho analiosha saa mbili usiku, ukimwambia habari ya masaa nane anakuangalia tu halafu anaendelea kumenya ndizi. Na sheria nayo ndo hivyohivyo, ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamwangalia mtu mwenye mwajiri. Wewe mwenye kibanda chako ukidhulumiwa unaangukia kwenye Sheria ya Mikataba, Sura 345, ambayo hata makubaliano ya mdomo inaweza kuyatambua, ila nenda kayathibitishe hayo maneno ya mdomo pale mahakama ya mwanzo uone ngoma yake.

Kilichowasha moto wote huu ni kitu kidogo. Mei Mosi moja ya hivi karibuni, ya mkoa tu, fundi cherehani wetu alikuwa amesimama pembeni ya barabara kama watu wengine anaangalia maandamano. Ofisi moja ikapita na sare za kitenge, mashati na magauni, zimependeza kweli. Zote alishona yeye. Vipande 48 kwa 12,000 kila kimoja, ambayo ni 576,000, akapewa 200,000 ya kuanzia akanunulia uzi na zipu, iliyobaki 376,000 akaambiwa "mama, subiri voucha inapita", yaani hati ya malipo bado inazunguka ofisini. Alizijua nguo zake kwa upindo, maana usiku wa mwisho uzi wa bluu ulimwishia na maduka yameshafungwa, vipande kama kumi akamalizia na uzi mweusi. Akasimama pale anahesabu. Alifika 31, wakachanganyikana na ofisi nyingine akapoteza hesabu. Jukwaani huko wanatangaza mfanyakazi hodari wa kila idara, bahasha na cheti, watu wanapiga makofi, na aliyewavalisha yuko kando ya mtaro hajui kodi ya kibanda mwezi huu ataitoa wapi.

Usiku akatuma voisi ya dakika nne kwenye grupu. Hakulalamika sana, aliongea kama anasimulia mambo ya mtu mwingine, na nadhani ndo maana iliwachoma watu. Mwisho akauliza, "hivi sisi siku yetu ni lini?"

Mambo yalivyokwenda

Kijana wa grafiki ndo akadakia. Akasema wenzetu Uingereza wana chama cha watu wanaojitegemea, IPSE, zamani kikiitwa PCG, na wana siku yao ya mafrilansa tangu 2009. Na jiji la New York wana sheria kabisa ilianza kufanya kazi 2017, ukimpa frilansa kazi ya kuanzia dola 800 lazima kuwe na maandishi, na kama tarehe ya malipo haikuandikwa basi ni ndani ya siku 30 baada ya kazi kuisha. Watu wakashangaa, mmoja akauliza kama hiyo sheria inaweza kupanda basi ikaja Mbeya. Basi tukakubaliana tutafanya siku yetu wenyewe, kamati ya watu saba ikachaguliwa hapohapo kwa kutaja majina, mwenyekiti akawa bodaboda mmoja mwenye sauti, mimi nikapewa hela.

Kwanza ukaja ubishi wa tarehe, na huu nauelezea kwa kirefu kidogo kwasababu ndo kitu tulikifanya vizuri. Wengi walitaka Mei Mosi ileile, tukae upande wetu nao upande wao. MC akasema haiwezekani, Mei Mosi yeye ana kazi, mpiga picha ana kazi, mwenye spika ana kazi, mama lishe siku hiyo anauza mara mbili. Sikukuu ya mwenye mshahara ni siku ya kazi ya aliyejiajiri. Tukapiga mahesabu tukaona Jumamosi ni harusi na sendofu, Jumapili ni ibada na vikao, ila Jumatatu vinyozi na saluni nyingi wanapumzika, ma-MC wamechoka wamelala, wapiga picha wanahariri. Tukachagua Jumatatu moja ya mwezi wa sita, kuanzia saa tisa alasiri ili mama lishe awe amemaliza mchana wake na bodaboda wapate angalau abiria wa asubuhi.

Halafu bajeti. Kila mtu 20,000, waliojiandikisha 58, kwahiyo 1,160,000. Nikaweka ukumbi na viti 300,000, vifaa vya chakula 348,000, keki 80,000, kitambaa cha skafu 60 za sare 120,000, bango na kadi, soda, tahadhari. Kwenye mstari wa MC nikaandika 0. Mpiga picha 0. Muziki 0. Grafiki 0. Ushonaji wa skafu 0. Mpishi 0. Sikuwaza hata sekunde moja, na hakuna mtu kwenye kamati aliyeuliza, tuliona kawaida tu kwamba hii ni shughuli yetu basi kila mtu ataleta fani yake.

Siku kumi na mbili kabla, waliochanga walikuwa 41, yaani 820,000, pengo 340,000. Mwenyekiti akaandika kwenye grupu kwa herufi kubwa akiwakumbusha watu kujitolea, akataja kazi moja moja na nani ataifanya, akamalizia "sisi kwa sisi jamani, hii ni siku yetu".

Mpiga picha akajibu kwa voisi fupi sana. "Mimi nimeshachanga elfu ishirini kama nyie. Juu yake mnataka na kazi ya laki na themanini. Mwenyekiti na pikipiki yake yeye anatubeba bure siku hiyo? Mnasherehekea mtu asiye na bosi halafu mnakuwa mabosi wake." Akatoka kwenye grupu. Baada ya nusu saa MC naye akatoka. Mpaka asubuhi walikuwa wametoka tisa, na wengine walibaki lakini kimya, ule ukimya wa tiki mbili za bluu na hakuna neno.

Mwenyekiti alikasirika. Mi nilifungua Excel.

Nilichokiona kwenye Excel

Nikajaza zile sifuri kwa bei ambazo hawa watu huwa wanatoza kweli. MC 150,000, picha 180,000, muziki 150,000, grafiki 50,000, kushona skafu 60 kwa 2,500 ni 150,000, mkono wa mpishi 80,000. Jumla 760,000. Yaani pengo letu lilikuwa 340,000 lakini kumbe watu sita tulikuwa tunawachukulia 760,000 ambayo haikuonekana popote, wastani kama 126,000 kila mmoja, juu ya ile 20,000 yao, wakati mimi na mwenyekiti na bodaboda wote tunatoa 20,000 basi tumemaliza. Fundi cherehani, ambaye ndo chanzo cha yote, alikuwa kwenye hiyo orodha. Tulikuwa tunamshonesha tena bure ili tumpongeze kwa kushona bila kulipwa. Nikikumbuka hapo huwa naona aibu mpaka leo.

Mfadhili akajitokeza

Wakati bado tunachanganyikiwa, mjumbe mmoja akaleta habari njema, kuna kampuni ya mikopo midogo iko tayari kutoa 500,000. Masharti ni bango lao mbele, skafu zao badala ya zetu, na dakika ishirini za kuongea na "wanachama". Pengo linazibika na chenji inabaki.

Tukakutana usiku kwenye banda la mama lishe, baridi ya Mbeya mnaijua, tumekaa kuzunguka jiko la mkaa watu saba na fundi cherehani tukamwita aje asikilize. Mwenyekiti alikuwa anataka hela ichukuliwe. Akasema kwa adabu tu, "Mama, hawa si wanatusaidia?" Fundi cherehani akacheka kidogo akasema mwanangu, ile miezi nilipokuwa nasubiri voucha nilikopa kwa watu kama hao, kausha damu za riba kali, nilikopa laki mbili na vyerehani viwili kikabaki kimoja. Hakusema zaidi ya hapo. Kura ikapigwa tano kwa mbili, tukakataa. Mmoja wa wale wawili alikumbusha kitu cha maana, kwamba kama shida ni mikopo basi halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na sisi kama grupu hatujawahi hata kujisajili. Kweli tupu. Tukaandika pembeni tukaendelea.

Maamuzi ya usiku ule, na kwanini

Tuliamua kwanza kwamba hakuna sifuri. Yeyote anayefanya kazi siku ile analipwa, nusu kabla, nusu hapohapo kabla watu hawajatawanyika. Na bei hatumpangii sisi, tunamwambia hela iliyopo na muda tunaoutaka, yeye ndo anasema kwa hiyo hela nitafanya nini. Hii ya pili ilitoka kwa mama lishe na mimi naiona ndo iliyookoa shughuli, kwasababu ukimwomba mtu punguzo anajisikia kanyonywa, ila ukimpunguzia kazi mnabaki mnaheshimiana. MC akasema masaa mawili, 100,000. Mpiga picha masaa mawili na picha za kwenye simu tu bila albamu, 120,000. Muziki spika mbili bila mbwembwe za taa, 80,000. Grafiki 40,000 kwa tangazo na vyeti.

Ili hiyo iwezekane tukafyeka. Keki ikaenda, skafu zikaenda, ukumbi ukaenda, tukahamia kwenye uwanja wa karakana ya seremala, na yeye tukamlipa 40,000 maana siku hiyo randa haitazunguka. Wajumbe wawili walinung'unika kwamba sherehe bila keki ni kikao. Sawa, iwe kikao.

Cha mwisho ni zawadi. Mpango wa kwanza ulikuwa tuchague "mjiajiri bora", tuige uleule mtindo wa mfanyakazi hodari. Ila bora kwa kipimo gani, utamlinganishaje kinyozi na fundi simu, na nani atakaa kuhukumu? Kijana wa grafiki akaja na wazo la kugeuza meza, tusipeane sisi, tuwape vyeti wateja wanaolipa kwa wakati. Kila mwanachama akataja mteja wake mmoja, waliotajwa na zaidi ya mtu mmoja wakapatikana sita.

Nani arudi kuongea na mpiga picha? Mwenyekiti mwenyewe alienda, na hapa nampa heshima yake, alienda na 60,000 mkononi ambayo ni nusu, akamsalimia, akasema kaka hii ni advansi yako, ukiona inafaa njoo. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Jamaa akahesabu ile hela, akatoa kitabu cha risiti akaandika. Alikuja kufanya kazi. Kwenye grupu hakurudi kwa miezi mitatu.

Siku yenyewe

Walikuja wote 41 waliochanga, wakiwemo watano kati ya tisa waliotoka baada ya kuona wenzao wamelipwa advansi na wao wakatoa michango yao mwishomwishoni wakajaza nafasi za walioghairi. Wateja sita nao wote walifika, hilo hatukulitegemea kabisa. Mmoja ni mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tukampa shikamoo tukamkalisha mbele, alipopewa cheti akakisoma mara mbili, akasema amepewa vyeti vya kipaimara na vya harusi ila cha kulipa deni ni mara yake ya kwanza. "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akakaa.

Halafu likaja lile la boksi. Tulikuwa tumepitisha boksi la viatu na vikaratasi, kila mtu aandike anadai kiasi gani kwa kazi aliyokwisha kuifanya, bila jina lake na bila jina la mdaiwa. Zikarudi karatasi 37. Nilizijumlisha kwa simu nikiwa nimekaa juu ya rundo la mbao, nikarudia tena kwasababu sikuamini: 11,460,000. Ndogo kuliko zote ilikuwa 8,000, nadhani ya kunyoa baba na wanawe. Kubwa 1,900,000, na kwenye hiyo mtu alikuwa ameandika pembeni "madirisha, nyumba wanaishi". MC aliposoma jumla hakukuwa na makofi wala nini. Muziki ulikuwa umezimwa, ukasikia tu bajaji zinapita barabarani.

Kuna karatasi moja iliyoniamsha uhasibu wangu. Iliandikwa "kazi ya 500,000 ofisi ilinikata 25,000, wezi". Hapana, hiyo siyo wizi, ni kodi ya zuio ya 5% kwenye malipo ya huduma, ofisi inatakiwa ikukate ipeleke TRA kwa jina lako, wewe unachotakiwa kudai ni hati ya zuio ili ikusaidie kwenye kodi yako. Nikaongea hilo dakika tano na watu wanne wakanifuata baadaye, wote walikuwa wanawatukana wateja wao kwa miaka bila sababu. Ukishakatwa na usipewe hati, hapo sasa una haki ya kugomba.

Saa kumi na mbili kasoro jua linaelekea kuzama na baridi inashuka kutoka mlima Loleza, nikalipa nusu zilizobaki moja moja mbele ya watu, MC, picha, muziki, grafiki, seremala. Matumizi yote 742,000, zikabaki 78,000.

Chakula ndo kilituumbua. Tulimlipa mama lishe sahani 55 kwa 4,000, wali wa Kyela, ndizi na maharage, vizuri kabisa. Tulihesabu wanachama 41 na wageni sita, tukaongeza nane za tahadhari. Hatukuhesabu watoto. Ni saa tisa alasiri siku ya Jumatatu, mama aliyejiajiri mtoto akitoka shule anamwacha na nani? Wakaja 17. Mama lishe hakusema neno, alichukua unga na maharage ya kesho yake ya biashara akaongeza sahani tisa. Hiyo ni 36,000. Na mimi mweka hazina, niliyetoka kulipa watu kwa madoido mbele ya kadamnasi, nikaondoka nikasahau. Alinipigia Jumatano. "Mwanangu, zile sahani tisa je?" Hela ilikuwepo mfukoni kwangu muda wote.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kulipa nusu kabla ndo kulibadilisha kila kitu, kuliko hotuba yoyote. Tulikuwa tumeandika tayari maneno ya kuomba radhi ya kutuma kwenye grupu, hatukuyatuma, elfu sitini ya mpiga picha ilifika kwanza. Na kupunguza kazi badala ya bei kulimpa kila mtu uhuru wa kukataa bila ugomvi.

Cheti cha mteja kilifanya kazi zaidi ya tulivyofikiri kwa sababu ya kijinga kidogo: yule mzee wa vifaa vya ujenzi alikitundika dukani. Mafundi wanaoingia pale wanakiona. Nimesikia wateja wawili wakiuliza nao wanakipataje.

Boksi nalo lilitupa kitu cha kushika. Wiki iliyofuata tukatengeneza karatasi ya makubaliano ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, kazi gani, bei, nusu ya kuanzia, tarehe ya kumalizia hela, marekebisho ya bure ni mara ngapi, sahihi mbili na namba za simu. Miezi sita baadaye niliulizia mmoja mmoja, 22 walikuwa wanaitumia.

Kilichofeli, na ninachobishana nacho bado

Hao 22 ni akina nani? Ni wapiga picha, seremala, aluminiamu, grafiki, cherehani. Bodaboda wa buku na mia tano atamsainisha abiria karatasi gani? Kinyozi je? Tulitengeneza dawa ya watu wa oda kubwa halafu tukaiita ya wote. Aliyejiajiri siyo kabila moja, na hii tuliijua tangu ubishi wa tarehe, ila tulipofika kwenye suluhisho tukaisahau. Mama lishe alijitengenezea ya kwake, kila mteja wa daftari mwisho 10,000, akifika hapo sahani haitoki mpaka apunguze. Wengine wa mauzo madogo hatukuwafanyia kitu.

Kuhusu ile sifuri, wenzangu wanasema ilikuwa nia njema. Mi sikubali kirahisi. Nia njema ilikuwepo, lakini mbona haikuniandikia mimi sifuri? Hakuna aliyeniambia nipeleke siku mbili za kazi yangu bure mbali na kushika hela, na hakuna bodaboda aliyepangiwa kubeba wageni. Sifuri zilienda kwa watu ambao kazi yao inaonekana kama kipaji au starehe, kuongea, kupiga picha, kuchora, kupika. Ndo walewale ambao mitaani wanaambiwa "si ni kubonyeza tu". Kumbe hata sisi tunaolalamika tunaamini hivyo kimoyomoyo.

Kosa jingine ni woga. Baada ya kumkataa mfadhili tukaogopa kila mtu mwenye nembo. Mjumbe alipendekeza tumwalike mtu wa NSSF, maana wanapokea michango ya hiari ya waliojiajiri, tukasema hapana wataonekana wameteka shughuli. Mwezi wa tisa mmoja wa bodaboda wetu alivunjika mguu akalala miezi miwili, tukapitisha kofia kwenye grupu. Tungewapa zile dakika ishirini.

Na mmoja wa wale wateja sita wa vyeti, siyo yule mzee, alimchelewesha kijana wa grafiki miezi miwili baadaye mwaka uleule. Kijana akatuuliza kama tunaweza kwenda kuchukua cheti. Tulibishana wiki nzima, hatukwenda.

Mpaka sasa

Siku yetu tumeifanya mara ya pili, mchango ulipanda ukawa 25,000, watoto walihesabiwa, na mimi siyo mweka hazina tena, niliomba kupumzika. Mpiga picha yuko kwenye kamati.

Ile 376,000 ya fundi cherehani, alirudi pale ofisini na daftari lake la vipimo na meseji za kuchukua mzigo alizozitunza, akawaambia anaenda mahakama ya mwanzo. Wakampa 190,000. Inabaki 186,000 na voucha bado inapita.

Mei Mosi iliyofuata walimfuata tena, ofisi ileile, sare 70. Aliwapa karatasi ya makubaliano akawaonyesha mstari wa nusu kwanza. Wakasema watarudi kesho. Siku ya maandamano alifungua kibanda kama kawaida, alikuwa na sketi za shule za kumalizia, na cherehani cha pili kilikuwa kimesharudi, cha kukodi.